Jinsi Bei za Vitabu Zilivyofika Mlangoni

Vijana wenzangu wa stoo, mwezi uliopita nilipowakabidhi funguo, mmoja wenu aliniuliza ni nani huko wizarani aliyetoa amri kwamba kila kitabu kinachouzwa hapa chuoni kiandikwe mlangoni pamoja na bei tuliyokinunulia, bei tunayokiuzia, jina la mwalimu aliyekichagua na sababu yake. Nilicheka, nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa kuwa jibu ni refu na linanitia aibu kidogo. Hakuna mtu wa wizara aliyetoa amri hiyo. Ilitokana na kosa langu mwenyewe, katika miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana mwenye penseli sikioni na imani kubwa mno katika macho yangu.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vyangu vilikuwa viwili tu, na mishahara ya stoo mnaijua.

Niliingia chuoni siku ya Jumatatu yenye vumbi. Ziwa Nakuru lilikuwa limekauka sehemu kubwa mwaka ule, na upepo wa mchana ulituletea vumbi jeupe la magadi lililopenya hata ndani ya makasha yaliyopigiliwa misumari. Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Kwetu ni Maragoli, lakini mimi nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli palepale mjini Nakuru, na nilikuwa nimesoma hadi darasa la nane. Kwa elimu hiyo nilitarajia kupewa meza. Nilipewa nyundo ya kung'olea misumari na kitambaa cha kupangusia vumbi.

Aliyenipa ni Mzee Zakayo, mtunza stoo wa kwanza wa chuo chetu cha ualimu. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, aliyetoka stoo za reli na aliyekihesabu kila kitu mara mbili, hata vikombe vya chai. Kwake nilijifunza kazi yote ninayoijua. Alinifundisha kufungua kitabu kipya: usikipasue katikati kama mkate. Kisimamishe juu ya mgongo wake, laza jalada la mbele, kisha la nyuma, halafu bonyeza kurasa chache upande huu na chache upande ule hadi ufike katikati. Kitabu kilichofunguliwa hivyo hudumu miaka kumi. Alinifundisha kuweka naftalini ya kufukuza wadudu kwenye pembe za rafu na kutoviacha kamwe vitabu vikigusa ukuta wa kaskazini, kwa sababu ukuta huo hutoa jasho wakati wa mvua. Ukuta huo bado unatoa jasho, na nimewaona mnaegemeza vitabu hapo. Acheni.

Jambo moja zaidi alinifundisha, na ndilo lililoniponza. Wakati ule kitabu hakikuwa na bei moja. Mkuu wa chuo alikuwa ametenga fungu la fedha la kuwapunguzia wanafunzi wasiojiweza, na kazi ya kujua nani anajiweza na nani hajiwezi aliachiwa mtunza stoo. Mzee Zakayo aliandika bei ya kununulia kwenye ukurasa wa mwisho kwa penseli ya wino, kwa herufi za siri ambazo ni yeye na mimi tu tuliozijua. Mwanafunzi alipoingia, tulimtazama, tukasoma zile herufi, kisha tukamtajia bei tuliyoona inamfaa. Nilimuuliza mzee nitajuaje hali ya mtu nisiyemfahamu. Akaniambia nisimtazame usoni, kwa sababu uso unaweza kulia ukitaka. Nivitazame viatu.

Nilikubali mara moja, na nilifurahi kwa sababu nilijiona nimepewa siri ya dunia. Mzee Zakayo alipostaafu na kurudi kwenye nyumba za reli kucheza bao, nilibaki peke yangu dirishani. Wanafunzi waliniita Bwana Stoo. Viatu vyeusi vinavyong'aa, shilingi kumi. Viatu vyenye kiraka, shilingi nane. Viatu vilivyofunguka mdomo, shilingi tano. Miguu mitupu haikuruhusiwa chuoni, kwa hiyo sikuwa na bei yake. Nililala usingizi mzuri nikijua kwamba nawasaidia maskini, na kama mtu angeniambia kuwa nadhulumu ningegombana naye.

Mwaka wa tatu nikiwa peke yangu, muhula wa kwanza, walimu waliagiza vitabu vingi kuliko kawaida. Mwalimu wa hesabu, Bwana Obadia, aliagiza vitabu viwili vya somo moja, chembamba na kinene, na chuo kizima kililazimika kununua vyote viwili. Kulikuwa pia na kitabu cha mbinu za kufundisha, ambacho hakuna mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeweza kukosa. Sheria ya mkuu ilikuwa wazi. Jumatatu ya wiki ya sita lori lilikuja kuwachukua wanafunzi kuwapeleka kwenye mazoezi ya kufundisha, wengine Subukia, wengine Mau Narok, na mwanafunzi asiye na kitabu cha mbinu mkononi hakupanda. Asiyepanda hakupata cheti. Mimi ndiye niliyetakiwa kumpelekea mkuu orodha ya wasio na kitabu, Ijumaa kabla ya lori.

Wiki ile wanafunzi wengi walikuja na viatu vibovu. Niliona, nikasikitika. Nilimwambia mke wangu kwamba mavuno lazima yalikuwa mabaya huko nje, maana watoto wa watu wameisha kabisa miguuni. Mke wangu alikuwa akimbembeleza mtoto wetu wa kwanza, na alinijibu tu kwamba mahindi sokoni yalikuwa ya bei rahisi. Nilipaswa kuyafikiria maneno hayo.

Siku ya Jumatano asubuhi aliingia kijana mrefu mwembamba. Kiatu chake cha kushoto, cha kahawia, kilikuwa kimefunguka mdomo na kimefungwa kwa kamba ya katani. Nikamuuzia kitabu cha mbinu kwa shilingi tano. Akatoka. Muda mfupi baadaye akaingia jitu la mtu, mcheza mpira, visigino vyote viwili viko nje, na kiatu chake cha kushoto, cha kahawia, kimefunguka mdomo na kimefungwa kwa kamba ya katani. Kamba yenyewe ilikuwa na mafundo mawili palepale. Nilimwambia asubiri nikaangalie kitu ghalani, nikatokea mlango wa nyuma na kuzunguka jengo.

Nyuma ya stoo palikuwa na foleni ya watu saba, soksi miguuni, viatu vyao vizuri vimepangwa kando ya ukuta kama viatu vya wageni msikitini. Mbele yao alisimama mwanafunzi mmoja aitwaye Wafula, mtoto wa reli kama mimi, akiwaelekeza nani afuate. Viatu vile vibovu vilikuwa vyake. Nilijikuta nina hasira na kicheko kwa pamoja, nikashindwa kuamua kianze kipi. Wafula hakukimbia. Aliniambia kwa heshima kubwa kwamba chuo kizima kilijua siku nyingi kuwa Bwana Stoo anauza vitabu kwa viatu, na kwamba yeye aliona si haki maskini wawe wachache.

Nilimuuliza ni watu wangapi wamepita na viatu hivyo. Akajibu kwamba mwaka wa pili karibu wote. "Ni Mwalimu Kibet peke yake amekataa," akasema. "Tulimbembeleza hadi tukachoka."

Kibet nilimjua. Alikuwa mwanafunzi mkubwa kuliko wengine, karibu miaka thelathini, mtu wa Kuresoi, na walimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa amefundisha miaka minane bila cheti kabla ya kuja chuoni. Nilimkumbuka pia kwa viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, vipya, vimepigwa rangi hadi unaweza kujitazama humo ukinyoa ndevu. Nilimuuzia vitabu vyote viwili vya hesabu kwa bei ya juu kabisa, na nilipofungua daftari langu jioni ya Jumatano ile, wale wa foleni wakiwa wameshanunua kwa viatu vyao wenyewe, nikaona kwamba katika mwaka wa pili wote limebaki jina moja ambalo halijanunua kitabu cha mbinu. Lilikuwa lake. Fikira yangu ya kwanza, na ninaiandika ili mnione nilivyokuwa, ni kwamba mtu huyu ana mkono wa birika.

Alhamisi nilimwita stoo nikamkalisha kwenye kasha. Nilimwambia kwamba kesho ni siku ya orodha, na kwamba jina lake likienda kwa mkuu hatapanda lori. Alisema anajua. Nikamuuliza kwa nini basi hanunui kitabu, mtu mwenye viatu kama vile. Alivitazama viatu kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Bwana Stoo, hii viatu si yangu," akasema. "Ni ya watu wa Kuresoi. Wazazi wa watoto wangu walitoa viazi, kila nyumba debe moja, wakauza, wakaninunulia. Walisema mwalimu wao hawezi kwenda chuo na miguu tupu. Pesa ilibaki kidogo, hiyo nikanunua vitabu ya hesabu. Sasa imeisha. Nivue hizi hapo nje, nivae zile za Wafula, ndio uniuzie kitabu? Nikirudi nyumbani nitawaambia nini?"

Alinieleza, bila kulalamika, kwamba shule yake ni ya watoto wa wafanyakazi wa mashamba, chumba kimoja cha mabanzi, na mkaguzi alikuwa amesema kwamba mwaka ujao kama hakuna mwalimu mwenye cheti itafungwa. Shule iliyo karibu ilikuwa mwendo wa saa tatu kupitia msituni, na ile ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, askari na wapiganaji wakiwindana humo, wakati mzazi hakumwachia mtoto njia ya msituni. Kwa hiyo watu walikuwa wamekusanya viazi vyao wakamvisha miguuni, na mimi nilikuwa nimevitazama viazi hivyo nikamtoza kama tajiri. Niliona aibu ambayo sijaipata tena hadi leo.

Nikafanya anavyofanya kila mtu mwenye aibu na funguo. Nilifungua droo, nikahesabu tofauti ya bei, nikamsogezea. Nilimwambia achukue, anunue kitabu, na mambo yaishe kati yetu wawili. Mkono wake haukusogea.

"Ukinirudishia mimi peke yangu, kesho mwingine atakuja na viatu mzuri na utamfanyia vile vile," akasema. "Andika bei, kila mtu aione. Hapo nitanunua."

Nilimkumbusha kwamba lori ni Jumatatu. Akasema anajua siku za wiki, amezifundisha miaka minane. Akainuka, akaniaga vizuri, akaondoka. Mtu mwenye adabu anapokukatalia, hata pa kumkasirikia hupaoni.

Usiku nilimwambia mke wangu kwamba nikienda kwa mkuu kueleza mambo haya huenda nikafukuzwa, na tuna mtoto mchanga. Alisema kwamba nisipokwenda nitakuwa mtu wa kulala naye kitanda kimoja huku nikigeukageuka, na kwamba yeye anahitaji usingizi. Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mkuu.

Mkuu wetu alikuwa Mzungu mrefu wa maneno machache, aliyependa bustani yake ya maua kuliko mikutano. Nilimweleza yote: herufi za siri, viatu, foleni ya nyuma, viazi vya Kuresoi. Sikumtetea mtu, wala mimi mwenyewe. Mkuu alisogeza kiti nyuma, akanyoosha mguu wake ubavuni mwa meza. Alikuwa amevaa buti za bustanini, za ngozi iliyopasuka, zenye udongo mkavu. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula yeye ningemuuzia kwa bei gani.

"Ile ya chini kabisa, bwana," nikasema, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kweli.

Alitoa sauti moja ambayo naamini ilikuwa kicheko. Kisha tukakaa kuandika. Aliandika yeye, mimi nikawa namwambia yaliyopo stoo. Kwanza, bei moja kwa kila mtu, imebandikwa mlangoni. Lile fungu la wasiojiweza tuligawanye juu ya vitabu vyote ili bei ishuke kwa wote, na nakala chache zibaki stoo za kuazima. Pili, bei tuliyonunulia iandikwe kando yake kwa tarakimu ambazo kila mtu anazisoma. Herufi za siri zife siku hiyo. Waliotozwa zaidi ya bei ya mlangoni warudishiwe, wote, siku moja, kwa jina na sahihi. Wafula na wenzake aliwapa kazi ya kubeba makasha kutoka stesheni hadi mwisho wa mwaka, adhabu ambayo ilinifaa mimi kuliko mtu yeyote.

La tatu lilitoka kwangu, na ndilo pekee ninalojivunia. Nilimwambia kwamba bei ikikaa wazi mlangoni, mwanafunzi atauliza swali linalofuata, kwamba kwa nini kitabu hiki na si kile. Mimi sitakuwa na jibu, maana sivichagui. Basi anayechagua aandike jina lake na sababu yake. Mkuu aliupenda mpango huo kwa haraka iliyonitia wasiwasi, akanituma kwa walimu na karatasi siku ileile.

Walimu wengi waliandika bila shida. Bwana Obadia wa hesabu, mtu mwema asiyekuwa na hila, alikaa na kalamu juu ya kitabu kinene hadi chai ikapoa. Mwisho aliandika: "Kwa sababu mimi nilisomea hiki." Nilichukua karatasi nikatoka. Sikuwa nimefika hata kwenye ngazi nikamsikia ananiita nyuma, akaiomba karatasi, akaisoma tena kama mtu anayesahihisha kazi ya mwanafunzi, akakata mstari. Alisema kile chembamba kinatosha, na kwamba waliokinunua kinene wanirudishie nami niwarudishie fedha. Hakuninunia hata siku moja kwa jambo hilo, na mwaka uliofuata ndiye aliyewakumbusha wenzake kuandika sababu zao.

Ijumaa jioni niliichapa orodha kwa mashine ya karani, nikaipigilia mlangoni kwa misumari minne. Jumamosi asubuhi watu walijaa barazani. Nilitegemea kelele, lakini walisoma kimya, midomo ikitembea, kisha wakaanza kufanya hesabu wenyewe. Kitabu cha mbinu kilikuwa shilingi sita. Waliolipa tano kwa msaada wa viatu vya Wafula walijiona wamefaidi shilingi moja kwa mwaka mzima wa kubeba makasha, na baadhi yao walikubali kucheka. Kwa karani wa fedha walirudishiwa tofauti ya bei watu kumi na mmoja. Kibet alitia sahihi wa tatu. Kisha aliingia stoo na kitabu kinene cha hesabu, akatoka na pesa zake, akaisoma orodha mlangoni, akaenda zake bila kununua.

Mchana sikumwona. Jumapili baada ya ibada nilikaa stoo, mlango wazi, nikijifanya napanga rafu. Hakuja. Mkuu alikuwa ameniambia kwamba sheria ya lori haibadiliki, asiye na kitabu hapandi, na orodha yangu mpya bado ilikuwa na jina lilelile moja. Nilianza kufikiri kwamba nimemuudhi kiasi cha kumfanya aache chuo. Mzee Zakayo, niliyemtembelea jioni ile, hakunisaidia. Alisema wakati wake wanafunzi hawakuwa na akili ya kubadilishana viatu, na kwamba kosa ni la elimu.

Jumatatu mvua ilianza alfajiri. Ile mvua ya kwetu ya Machi, inayogeuza vumbi la wiki nzima kuwa ugali mweusi. Lori lilikuja mapema, likasimama mbele ya ukumbi, injini inanguruma, wanafunzi wanapanda na masanduku yao ya bati, kila mmoja amekumbatia kitabu chake kisilowe. Mimi nilisimama dirishani na nakala moja ya kitabu cha mbinu, ambayo nilikuwa nimeshaifungua vizuri, kurasa chache huku na chache kule.

Kibet alitokea upande wa mabweni, anatembea taratibu kwenye matope, suruali imekunjwa hadi magotini. Miguu yake ilikuwa mitupu. Viatu alivibeba kifuani chini ya koti. Aliingia stoo, maji yanamtiririka, akasimama mbele yangu. Macho yangu, nakiri, yalianza kushuka. Niliyarudisha juu kwa nguvu.

"Leo sina viatu," akasema. "Kitabu ni bei gani?"

"Imeandikwa mlangoni, Mwalimu."

Akarudi nje kwenye mvua. Orodha alikuwa ameshaisoma Jumamosi, lakini aliisoma tena, kidole kikifuata mstari: tuliyonunulia, tunayouzia, aliyechagua, sababu. Akaingia, akaweka shilingi sita mezani, moja juu ya nyingine.

Nilishindwa kujizuia, nikamuuliza kwa nini alinitesa siku mbili nzima. Alisema, bila kunitania, "Bei ya Jumamosi ni rahisi kuandika. Nilitaka kuona kama itafika Jumatatu."

Nilimpa kitabu. Nikampa na kitambaa changu cha vumbi, akakaa kwenye kizingiti, akapangusa matope mguu mmoja, kisha wa pili. Dereva alipiga honi, akapiga tena, na Wafula akaanza kumwita kwa sauti kutoka juu ya lori. Mwalimu Kibet hakuharakisha. Alivaa viatu vya watu wa Kuresoi, akafunga kamba za kimoja, akafunga za kingine, akainuka, akaenda kupanda lori.